Robo Saa ya Mama: Gharama Halisi ya Kumfundisha Mtoto Nyumbani Dodoma

Mtoto anapotimiza miaka 3 hadi siku anayoingia darasa la kwanza akiwa na miaka 6, anakuwa macho kwa saa 13,140. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka 3 na 4 alale kati ya saa 10 na 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Tushike 12 za kulala, zibaki 12 za kuwa macho. Zidisha kwa siku 365, kisha zidisha kwa miaka 3.

Sasa tutoe za shule. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 inataka kila mtoto apate angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza, na mwaka wa masomo una siku 194. Tuwe wakarimu: tuseme mtoto huyu anakaa darasani saa 4 kila siku, haumwi hata mara moja, korongo halifuriki likamzuia kuvuka, na mwalimu wake haitwi semina. Jumla ni saa 776. Hizo hazifiki asilimia 6 ya muda wote aliokuwa macho katika miaka hiyo mitatu. Saa nyingine 12,364 anazimalizia kwenu: uani, jikoni, shambani, sokoni, kibarazani kwa bibi.

Mijadala yetu ya elimu ya awali, bungeni na kwenye vikao vya kata, karibu yote inahusu hiyo asilimia 6: madarasa, madawati, walimu. Ni mijadala ya haki kabisa. Ila mtu akikuuliza asilimia 94 iliyobaki inagharimu kiasi gani, na nani anailipa, majibu yanakuwa machache. Hapa nitajaribu kuipigia hesabu kwa mkoa wa Dodoma, nikichungulia kidogo na majirani zetu wa Singida.

Dakika mbili na nusu

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dodoma una watu 3,085,625. Mwaka 2012 walikuwa 2,083,588. Hiyo ni nyongeza ya milioni moja katika miaka kumi, ambayo sehemu yake ilikuja na mabegi baada ya serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016, na sehemu yake ilizaliwa hapahapa. Katika nchi yenye watoto wengi kama yetu, kila rika la mwaka mmoja utotoni hubeba kama asilimia 3 ya watu wote. Kwa makadirio hayo, ambayo ni yangu na si ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mkoa una watoto kama 92,500 wa umri wa miaka 5, na ukijumlisha wa miaka 3, 4 na 5 unapata kama 277,000.

Kiwango kilichowekwa kwa darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Kwa rika moja tu la watoto 92,500, mkoa unahitaji walimu 3,700. Kati ya tulipo na hapo pana umbali. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, uandikishaji wa awali nchini uliruka kutoka watoto kama milioni 1.07 mwaka uliotangulia hadi milioni 1.56. Idadi ya walimu haikuruka nao. Miaka iliyofuata, takwimu za serikali yenyewe zilionyesha zaidi ya watoto 100 kwa kila mwalimu wa awali mwenye sifa katika shule za umma.

Juhudi zimefanyika, na si haki kuzipita. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati yake yakiwa ya vituo shikizi, yale madarasa yanayosogezwa vitongojini kwa ajili ya wadogo wasioweza kutembea hadi shule mama. Mradi wa BOOST ulikuja na mkopo wa dola milioni 500 za Benki ya Dunia kwa elimu ya awali na msingi. Kabla yake, mpango wa EQUIP-Tanzania uliogharimiwa na Uingereza uliijumuisha Dodoma katika jaribio la madarasa ya utayari: wiki 12, baadaye wiki 16, chini ya kijana wa kijiji hichohicho aliyepewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi. Na Desemba 2021 ilizinduliwa hapa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhesabu mtoto tangu anapozaliwa hadi miaka 8.

Hata hivyo, chukua saa 4 za darasa, ambazo ni dakika 240, uzigawe kwa watoto 100. Kila mmoja anapata dakika 2 na sekunde 24. Hapo tumechukulia kwamba mwalimu hapumui, hafuti pua ya mtu wala haamui ugomvi wa kifutio. Darasa likiwa la watoto 25 kama inavyotakiwa, kila mmoja anapata dakika 9 na sekunde 36. Mzazi anayempa mtoto wake robo saa kwa siku, jicho kwa jicho, anampa zaidi ya mara sita ya kile ambacho darasa la watoto 100 linaweza kumpa yeye peke yake.

Robo saa hiyo tuipe bei

Robo saa kila siku kwa mwaka mzima ni saa 91 na robo. Tuilipe kwa kipimo kinachojulikana. Kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2025, zilizofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kupanda hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huo. Wiki ya kazi kisheria haizidi saa 45, yaani saa 195 kwa mwezi. Kwa hiyo saa moja ya mtumishi wa ngazi ya chini kabisa ina thamani ya shilingi 2,564. Zidisha kwa saa 91 na robo, unapata karibu shilingi 234,000 kwa mwaka, kwa mtoto mmoja.

Linganisha na mwalimu. Tumlipe naye kima hichohicho cha chini, ingawa mwalimu mwenye cheti anapata zaidi: shilingi milioni 6 kwa mwaka. Akiwa na watoto 25, kila mtoto anabeba shilingi 240,000 za mshahara wake. Akiwa na watoto 100, kila mtoto anabeba 60,000.

Nilipofika hapo nilirudia hesabu. Robo saa ya mzazi, ikilipwa kwa kima cha chini cha serikali, inakaribia kulingana na sehemu ya mshahara wa mwalimu ambayo mtoto angeipata katika darasa lililotimia. Kwa watoto 277,000 wa mkoa huu ni karibu shilingi bilioni 65 kwa mwaka. Hazimo kwenye bajeti ya halmashauri yoyote, iwe Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa au Jiji. Pale zinapotolewa, zinatoka kwa wazazi, hasa kina mama.

Msomaji mkali atasema robo saa ya mzazi asiyesomea ualimu haiwezi kuwa sawa na ya mwalimu. Ni kweli kwa baadhi ya mambo. Kwa umri huu si kweli kwa mengi. Ushahidi unaotajwa sana duniani unatoka Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Sehemu yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Wageni hao hawakuwa walimu wala madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, na kazi yao ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani. Miaka 20 baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta vijana hao wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Kundi jingine, lililopewa maziwa ya lishe peke yake, halikuonyesha faida iliyodumu namna hiyo.

Idadi ya saa ndiyo inayonivutia. Saa moja kwa wiki kwa miaka miwili ni saa 104 tu. Robo saa yetu ya kila siku inakaribia kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Watoto 129 ni wachache, Kingston si Kongwa, na wale walianza wakiwa wadogo kuliko hawa ninaowazungumzia. Simwahidi mtu asilimia 25. Ninachosema ni kwamba kiwango cha muda kinachoweza kugeuza maisha si kikubwa cha kutisha.

Ipo namba nyingine ambayo ningeshauri isiaminiwe haraka. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walichapisha utafiti wa familia 42 za Kansas, Marekani, waliozirekodi saa moja kila mwezi. Humo ndimo ilimotoka ile hadithi ya pengo la maneno milioni 30 kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini, na hadi leo inatajwa kwenye semina za malezi kana kwamba imeshuka na wahyi. Mwaka 2018 watafiti wengine wa hukohuko Marekani, wakiongozwa na Douglas Sperry, walipima jamii tano na hawakuliona pengo la namna hiyo. Walipohesabu na maneno ambayo mtoto anayasikia yakisemwa na watu wengine karibu yake, sura ilibadilika kabisa. Sisi tunalielewa hilo bila maabara. Kwenye kaya ya Kigogo, mtoto hasikilizi mdomo wa mama peke yake. Yupo bibi, yupo shangazi, wapo binamu watano na jirani aliyekuja kuazima ungo. Kelele za maongezi hazipungui. Kinachopungua ni mtu wa kumgeukia yeye na kumwuliza: wewe unaonaje?

Darasa lililo ndani ya ungo

UNICEF inapopima malezi nyumbani huuliza mambo 6. Katika siku 3 zilizopita, je, mtu mzima alimsomea mtoto kitabu? Alimsimulia hadithi? Aliimba naye? Alimtoa nje ya nyumba? Alicheza naye? Alimtajia majina ya vitu, akahesabu au kuchora naye? Manne kati ya sita yanatosha kuhesabiwa kwamba mtoto anachangamshwa. Ukiyaangalia vizuri, matano hayahitaji hata shilingi. Kitabu peke yake ndicho chenye bei.

Pamoja na hayo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 47 tu ya watoto wa miezi 24 hadi 59 nchini wanakua kwa mwelekeo unaotakiwa. Zaidi ya nusu hawapo kwenye mstari, katika nchi ambayo mambo matano kati ya sita ni ya bure. Basi tatizo si bei ya vitu. Ni muda, pamoja na imani iliyoenea kwamba kujifunza kunaanza pale mtoto anapopewa daftari.

Chukua karanga, zao ambalo hapa halihitaji utambulisho. Mama anabangua, mtoto yuko kando. Kila ganda lina punje 2, mara nyingine 3, mara nyingine 1 iliyosinyaa. Kabla ya kulivunja, mwulize mtoto: humu mna ngapi? Avunje mwenyewe aone. Punje zilizooza ziende huku, nzima ziende kule. Hapo anatenganisha vitu kwa sifa zake, na huo ndio mwanzo wa hisabati. Panga mafungu ya punje 5 na uulize fungu lipi limepungukiwa. Vidole vinavyovunja ganda ndivyo vitakavyoshika penseli, na vikizoea kubana sasa, mwakani mwalimu hatahangaika navyo. Kazi ya mama haijasimama hata kidogo. Pengine imechelewa dakika tatu, na punje kadhaa zimeliwa.

Baada ya mavuno yapo mabua. Watoto wa Ugogo hutengeneza magari, nyumba na mazizi kwa mabua ya mtama na uwele, na mtu mzima anayepita huwa anaona uchafu uani. Yale ni mambo ya urefu, uwiano na mipango. Kaa naye dakika tano, uliza gari hili linabeba nini, linakwenda Kibaigwa au Manyoni, na kwa nini tairi la nyuma ni kubwa. Huko mnadani Msalato mpe ashike noti ya 1,000 na alipe mwenyewe, ahesabu sarafu za chenji. Mchuuzi atanung'unika kidogo, lakini atasubiri.

Mkoa uliomtoa mwanamuziki Hukwe Zawose hauhitaji kufundishwa mdundo. Watoto wanasikia ngoma za muheme na marimba wakingali wadogo, na kupiga makofi kwa kupokezana ni mchezo wao wa kawaida. Utumie mdundo huohuo kwenye maneno: karanga ni makofi matatu, maji ni mawili, nyumbani ni matatu. Kiswahili kinasomeka kwa silabi, na mtoto ambaye sikio lake limeshazikata silabi kabla ya kuona herufi anafika shuleni akiwa ametangulia. Hakuna anayehitaji kujua kusoma ili aucheze mchezo huu. Nyanya ambaye hajawahi kushika kalamu anaumudu.

Suala la lugha linawatesa wazazi wengi bila sababu. Vijijini Chamwino mtoto anaongea Kigogo, Kondoa anaongea Kirangi, Chemba wapo wanaokua na Kisandawe, na ukivuka kwenda Singida kuna Kinyaturu na Kinyiramba. Shule ya awali ya umma inafundisha kwa Kiswahili. Wazazi wengine huacha kabisa lugha yao na kumsemesha mtoto Kiswahili cha kubabaisha, wakidhani wanamsaidia. Ongea naye kwa lugha unayoimudu, ile unayoweza kusimulia nayo hadithi hadi akacheka. Kiswahili kiongezwe kidogokidogo. Maneno 3 mapya kwa siku ni maneno 1,095 kwa mwaka, na hayo ni mtaji mkubwa wa kuanzia shule.

Kinachonunuliwa

Sasa shilingi. Nimepiga bajeti ya mwaka mzima kwa bei za kukadiria, kila mmoja abadilishe kulingana na duka lake. Vitabu 3 vya hadithi za watoto kwa 5,000 kila kimoja, 15,000. Kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi, 8,000. Boksi la chaki, 3,000. Rangi za kuchorea, 3,000. Daftari 4 kubwa, 4,000. Mpira, 5,000. Jumla ni shilingi 38,000, sawa na shilingi 104 kwa siku.

Kwa mtumishi wa kima cha chini cha 500,000 hiyo ni chini ya asilimia 8 ya mshahara wa mwezi mmoja, mara moja kwa mwaka. Kwa kibarua wa shamba ambaye Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea kima cha 140,000 kwa mwezi, ilikuwa asilimia 27, na hapo maumivu yanaanza. Huyo asinunue vyote. Anunue vitabu kwanza. Chaki inaweza kuwa mkaa, ubao unaweza kuwa sakafu, na mpira wa makaratasi na kamba unadunda vya kutosha. Ruzuku ambayo serikali imekuwa ikiipangia kila mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Ukiigawa kwa siku 194 za masomo unapata karibu shilingi 52 kwa siku. Familia inayotenga 104 kwa siku imeshaishinda hazina mara mbili.

Vitabu vitatu sikuvitaja kwa kubahatisha. Tatu ndiyo idadi ambayo UNICEF huiuliza nyumbani, na vitabu vya Kiswahili vya umri huu vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kuvitoa tangu mwaka 1991. Kitabu kimoja kinasomwa mara 50 bila mtoto kuchoka. Anayechoka ni mzazi. Asiyejua kusoma asimulie picha, mtoto hatamkagua.

Orodha ya visivyostahili kununuliwa ni ndefu zaidi. Twisheni ya mtoto wa miaka 4 ni ya kwanza kwenye orodha yangu. Mtoto anayejazishwa ukurasa mzima wa herufi a, jioni, huku anasinzia, anajifunza jambo moja tu: kwamba shule inachosha. Wazazi wa mjini tunalipia hayo kwa furaha kwa sababu ukurasa uliojaa unaonekana, na punje za karanga hazionekani. Vilevile simu. Vipindi vya shirika la Ubongo kama Akili and Me vimetengenezwa hapa nchini kwa ajili ya umri huu, na utafiti wa Dina Borzekowski uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa watoto wa Morogoro, ulionyesha kwamba waliovitazama walijifunza. Lakini kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa miaka 3 na 4 ni saa 1 ya skrini kwa siku, ikipungua ni bora, dhidi ya dakika 180 za kukimbia, kuruka na kucheza.

Chakula nisikipite, maana ubongo wenye njaa haubangui kitu. Udumavu nchini umeshuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi 30 mwaka 2022, bado ni watoto 3 kati ya 10. Nyanda hizi zina uwele, mtama, alizeti, karanga, mlenda na ubuyu, na uji wa lishe unaweza kutoka ghala la nyumbani. Onyo moja la uzito: mwaka 2016 sumukuvu kwenye nafaka iliwafanya watu 68 waugue katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafa. Karanga na mahindi yenye ukungu yasisagwe kuwa unga wa mtoto, kwa sababu kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Nani ana hiyo robo saa?

Mjini jibu linashangaza. Mzazi anayefanya kazi Mji wa Serikali Mtumba akitoka nyumbani kwake Nkuhungu saa 12:30 asubuhi na kurudi saa 12 jioni, kwa siku tano hayupo kwa saa 57 na nusu. Mtoto yuko macho saa 84 kwa wiki. Ukitoa usingizi wa mchana, bado zaidi ya nusu ya saa hizo ziko mikononi mwa dada wa kazi. Amri ile ya mwaka 2022 iliweka kima chake, kama analala hapohapo nyumbani, kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Ndiye mwalimu mwenye saa nyingi kuliko wote, na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Familia nyingi zinamwagiza kuosha, kupika na kumlisha mtoto. Kuzungumza naye hakumo kwenye maagizo. Mwonyeshe michezo, mwachie vitabu vilevile vitatu, mpunguzie sufuria moja ya kusugua, na umwongeze mshahara. Nyongeza ya 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka, ileile bei ya sehemu ya mwalimu wa watoto 25.

Kina baba tuna mchango wetu ambao hatuutoi. Kwa wiki robo saa saba ni dakika 105. Baba akichukua jioni tatu, amepunguza karibu nusu ya mzigo, na mechi ya Dodoma Jiji haitakuwa imeisha.

Vijijini mambo ni magumu zaidi, na lawama hazisaidii. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita mia tano na kitu kwa mwaka. Shule inafunguliwa Januari, palizi ikiwa imepamba moto na ghala likiwa linaelekea kuisha. Mwezi ambao mtoto anamhitaji mtu wa kumshika mkono ndio mwezi ambao mama anaondoka alfajiri na jembe. Kiangazi shamba linamwachia, maji yanamshika. Tuseme anafanya safari 3 za ndoo kwa siku, kila moja dakika 60 kwenda, kupanga foleni na kurudi: dakika 180. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila kaya ya kijijini iwe na kituo cha maji ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Kwa umbali huo, foleni ikiwemo, safari moja ni kama dakika 25, tatu ni 75. Zinabaki dakika 105 kila siku, ambazo ndizo robo saa saba za wiki nzima ya mtoto.

Kisima hakiandikwi kwenye bajeti ya elimu ya awali, na kijijini Bahi au Chemba huenda ndicho kifaa cha kufundishia chenye faida kuliko vyote. Mkutano wa kijiji unaofuata ukifika kipengele cha maendeleo ya watoto, pimeni kwanza kwa hatua umbali kutoka kitongoji cha mwisho hadi kwenye bomba. Ukizidi mita 400, mwambieni diwani kwamba hilo nalo ni suala la shule ya awali, na liandikwe kwenye muhtasari.